Meru kwa siku tatu, kuanzia upande uliobomoka

Sisi wa Arusha Mlima Meru tunaujua kwa mgongo. Ukiwa Sakina, Ngarenaro au Njiro, wingu likikubali, unaona mlima mmoja mzima uliochongoka, hauna kasoro. Upande wa mashariki, ambao mjini hauonekani, mlima huohuo umebomoka. Miaka takriban elfu nane iliyopita ubavu wake uliporomoka, ukaacha kreta iliyo wazi, na vifusi vikamwagika hadi tambarare. Maziwa ya Momella yamekaa katikati ya vifusi hivyo. Njia ya kupanda inaanzia huko huko, kwa hiyo mtu wa mjini anayetaka kufika kileleni inabidi auzunguke kwanza mlima wake kwa gari, akaingilie pale palipovunjika.

Nilichukua likizo ya siku mbili nikaiunganisha na Nane Nane. Agosti mjini ni mwezi wa baridi na wingu zito la asubuhi, na kila niliyemwaga aliniuliza maswali mawili kwa mpangilio uleule: "Kwenye wingu hilo?" halafu, "Unaenda na nani?" La pili ndilo lililowasumbua zaidi. Mama alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama huko kuna askari. Nikamwambia yupo, na bunduki anayo, maana ndiyo sheria ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha: hakuna anayepanda Meru bila askari, kwa sababu ya nyati na tembo. Hapo akatulia. Kuhusu wingu, wanaopanda mara kwa mara walishanieleza: mwezi wa nane linalala chini, juu yake ni jua tupu.

Viatu nilivipata Krokoni, mtumba wa soli ngumu, nikavivaa kazini kwanza ili mguu na ngozi vizoeane. Mzula, glovu, soksi za sufu, koti la kuzuia upepo na tochi ya kichwani vilitoka hukohuko. Anayesema vifaa vya mlima ni vya wazungu hajapekua mafungu ya Krokoni siku mabelo yanapofunguliwa.

Agosti 6: Momella hadi Miriakamba

Haisi ya alfajiri hadi Usa River, kisha gari la Ngare Nanyuki. Hili ni gari la watu na mizigo yao: mifuko ya mbegu, madumu, mabati mawili yaliyofungwa juu, kuku kwenye tenga. Barabara yake inapita ndani ya hifadhi. Geti la Ngongongare tulisimama kidogo, tukaingia, na muda si mrefu tukafika Serengeti Ndogo, uwanda wa nyasi fupi wenye pundamilia, ngiri na twiga. Twiga watatu walikuwa hatua chache kutoka dirishani. Ndani ya gari mzee mmoja alikuwa amesinzia, kinamama wawili wanabishana bei ya nyanya. Mimi peke yangu ndiye niliyetoa simu kupiga picha, nikaona aibu kidogo, nikapiga hata hivyo.

Geti la Momella liko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Malipo hayachukuliwi taslimu: unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu, unasubiri mtandao. Makundi ya watalii yalikuwa yameshatangulia na askari wao, kwa hiyo nikapewa afande wangu peke yangu. Mtu mrefu, wa maneno machache, bunduki yake imefungwa mkanda mpya wa turubai ulioshonwa kwa uzi wa viatu. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa maelekezo yote kwa pumzi moja: "Dada, hunipiti mbele. Nikisimama, simama. Nikikuambia rudi, hurudi mbio, unarudi taratibu." Mgumu wangu, kijana wa Ngare Nanyuki, alishafunga mzigo na kuondoka zake. Wapagazi huku wanaitwa wagumu, na huyu jina lilimkaa.

Tulianza saa nne kasoro. Ukivuka daraja la mto unatokea kwenye uwanda wa majani, na hapo ndipo penye nyati. Walikuwa zaidi ya ishirini, wamelala wanacheua, na mmoja dume alisimama akatutazama. Afande akasimama. Nikasimama. Nyati ana namna ya kukutazama ukahisi unadaiwa. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu, jambo ambalo afande alilipima kwa kurusha vumbi kidogo la udongo hewani, kisha tukapita kwa kuzunguka upande wa kulia, pole pole, bila neno.

Kupanda tulifuata njia ndefu, ile ya kupitia maporomoko ya Tululusia na mtini mkubwa wenye tundu ambalo gari inaweza kupita. Mtini huo ulianza maisha yake juu ya mti mwingine, ukashusha mizizi hadi chini ukaukaba mwenyeji wake, na sasa njia inapita katikati ya mizizi. Nilisimama chini yake nikatazama juu hadi shingo ikauma. Kutoka hapo msitu unakuwa mzito: mierezi minene, mipodo, na matawi yaliyoning'iniza kuvumwani ya kijani kibichi kama ndevu za beberu. Mbega walikuwa juu wanakula majani. Mmoja aliruka kutoka mti hadi mti, mkia mweupe umemfuata nyuma, ukafika baada ya yeye kufika.

Wingu la mjini tuliliacha kwenye kama mita 2,000 hivi. Halikuwa na mpaka wa kusema hapa limeishia. Niligundua tu kwamba kivuli changu kimerudi.

Miriakamba, mita 2,514, tulifika saa tisa alasiri. Mabanda ya mbao, vyumba vya vitanda vya kupanda, jiko la pamoja ambapo wapishi wa makundi walikuwa wanakaanga vitu vinavyonukia kuliko vyangu. Mimi nilikuwa na chapati, mayai ya kuchemsha, karanga na maharage niliyoyapika nyumbani. Mgumu akapika ugali, akatoa dagaa, tukachanganya tukala wote watatu. Mpishi mmoja alitupitishia sahani ya viazi bila kusema kitu. Jioni pongo alikuja kula majani nyuma ya vyoo, wala hakujali watu.

Jua lilipozama, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kilijitokeza upande wa mashariki, rangi ya waridi, kimekaa juu ya wingu bila mlima chini yake. Watalii wote walitoka nje na kamera. Wagumu waliendelea kuosha vyombo.

Agosti 7: Saddle na Meru Ndogo

Asubuhi hii ni ngazi. Hifadhi imejenga ngazi za magogo kwenye msitu na zinaendelea hadi unaanza kuzichukia. Afadhali njia ya udongo, mtu achague mwenyewe urefu wa hatua yake, ngazi inakuchagulia. Tulipita Topela Mbogo, tukapumzika Mgongo wa Tembo kwenye mita 3,200 hivi, ambapo kwa mara ya kwanza kreta yote inafunguka mbele yako. Nitairudia kesho, maana siku hii niliitazama nikiwa natweta.

Juu ya hapo miti inafupika. Badala ya mierezi kuna vichaka virefu vya jamii ya erika, maua mekundu yaliyosimama wima, na ndege chozi wanaoyanyonya, kijani kinachometameta. Saddle, kituo cha pili cha kulala, mita 3,570, tulifika kabla ya saa sita mchana. Kunguru wenye ukosi mweupe wanakungoja kwenye meza za nje, na wanajua zipu ya begi inavyofunguliwa. Mmoja alichukua yai langu zima, akaondoka nalo mdomoni kwa heshima zote.

Mchana watu wengi hulala. Mimi kichwa kilikuwa kinagonga kidogo, na afande akasema dawa yake ni kupanda juu zaidi kisha kurudi kulala chini. Basi tukaenda Meru Ndogo, mita 3,820. Ni mwendo wa saa moja bila haraka, njia ya mawe na majani makavu, na kwa maoni yangu kuna watu wa Arusha ambao wangeishia hapa wakarudi nyumbani na furaha yao kamili. Kilele chake ni kipana, mtu unaweza kukaa ukanyoosha miguu. Kulikuwa na jua, upepo mdogo, na hakuna mtu mwingine. Afande alikaa mbali kidogo na bunduki yake magotini, akaniachia mlima.

Mgumu alikuwa ametufuata bila mzigo, "kunyoosha mgongo," akasema. Alininyoshea kidole kaskazini mashariki, chini kabisa, kwenye mabati yanayong'aa na mashamba ya nyanya: kwao, Ngare Nanyuki. Mwaka 1951 Waingereza waliwahamisha Wameru kutoka huko kwa nguvu, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wa kizungu wafugie ng'ombe. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York kuwasemea wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa. Shuleni tulifundishwa kwa sentensi mbili. Kijana huyu anaijua kwa bibi yake, ambaye alikuwa mtoto mdogo siku hiyo na ambaye hadi leo, akiona gari kubwa limesimama karibu na nyumba, anauliza limekuja kuchukua nini. Ukiitazama ardhi yenyewe kutoka juu, kijani chake na mto unaopita, huhitaji kueleza kwa nini waliitaka.

Jua lilipoanza kushuka baridi ilikuja ghafla. Uji, chai ya tangawizi, soksi mbili, kitandani saa moja jioni. Usingizi wa mlimani ni wa vipande.

Agosti 8: Kilele cha Ujamaa, na kurudi chini kabisa

Saa saba na nusu usiku tuliondoka. Majani nje yalikuwa na sakitu, yanavunjika chini ya kiatu. Hakuna wingu hata moja, na nyota zilikuwa nyingi kiasi cha kunichanganya, nikashindwa kuitambua hata Kilimia ambayo nyumbani naijua. Afande mbele, mimi nyuma, tochi mbili. Makundi mengine yalikuwa yametutangulia, tuliona taa zao juu zikipanda ukingoni.

Rhino Point tulifika baada ya saa moja na kitu. Hapo njia inashuka kidogo, kisha unaingia kwenye mwamba mtupu wenye mteremko, mahali ambapo tochi unaielekeza kwenye mguu tu na mkono unashika jiwe. Afande alivuka, akageuka, akamulika kila hatua yangu. "Usitazame kushoto," akasema. Kushoto kulikuwa na giza, na upepo uliotoka huko ulikuwa unatoka chini kwenda juu. Nilielewa kwamba kreta iko hapo.

Baada ya mwamba ni majivu. Changarawe nyeusi ya volkano, unapiga hatua, inakurudisha nusu. Hii ndiyo sehemu ndefu kuliko zote, na hakuna cha kusimulia zaidi ya kupumua. Nilihesabu hatua hamsini, nikapumzika, nikahesabu tena. Cobra Point, kwenye mita 4,350 hivi, tulikaa nyuma ya jiwe tukanywa chai iliyokuwa imeanza kupoa kwenye chupa. Vidole vyangu vya mkono wa kulia havikunihusu tena. Afande alivitazama, akavua glovu zake kubwa akanivalisha juu ya zangu, akaingiza mikono yake mifukoni na kuendelea kutembea.

Kutoka hapo unafuata ukingo, unapanda mawe, unafikiri hiki ndicho kilele, sicho. Mara mbili ilinitokea hivyo. Kisha mashariki pakaanza kupauka, na kwa mwanga huo nikakiona kibao na bendera juu ya mawe, watu watatu wamejikunyata pembeni.

Kilele cha Ujamaa ni mita 4,562, ingawa maandishi mengine yanasema 4,566. Tulifika kama dakika kumi kabla ya jua. Nilikuwa nimefanya hesabu zangu nyumbani: mwezi wa nane jua linachomoza kaskazini kidogo ya mashariki, na ukiwa juu ya Meru, Kibo nacho kiko upande huohuo, umbali wa kilomita kama 70. Kwa hiyo siku za karibu na Nane Nane jua linatokea nyuma yake. Ndivyo ilivyokuwa. Kwanza Kibo na Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, vilikuwa weusi mtupu juu ya anga la machungwa. Kisha ukingo wa Kibo ukashika moto upande mmoja, mstari mwembamba, na kivuli chake kikaja kwetu juu ya wingu, kirefu, kimenyooka. Nusu dakika tulikuwa ndani ya kivuli cha Kilimanjaro. Halafu jua likatoka na watu wakaanza kupiga kelele na kukumbatiana. Afande alinipa mkono, akasema "Hongera sana dada," akarudi kukaa upande usio na upepo.

Niligeuka kusini magharibi kuitafuta Arusha. Hakukuwa na Arusha. Kulikuwa na wingu jeupe limetandazwa kutoka miguuni kwa mlima hadi linapokutana na anga, na chini yake, nilijua, watu walikuwa wanafunga zipu za makoti wakielekea kwenye maonyesho Njiro, wanasema leo nako hakuna jua. Kwetu juu hakukuwa na tone la ukungu. Magharibi milima ya Monduli ilichomoza, kaskazini Longido, basi.

Lakini kilichonishika hakikuwa cha mbali. Ni kushuka ule ukingo tuliopanda gizani, sasa kweupe. Mkono wa kulia kwangu, kwa sababu tunarudi, ukuta wa kreta unaanguka wima hadi mita 1,500, miongoni mwa magenge marefu kuliko yote Afrika. Miamba yake ina matabaka, kijivu, nyekundu, kahawia, kila tabaka ni mlipuko mmoja wa zamani. Katikati ya kreta kimesimama kilima cha majivu, cheusi, mita 3,667, ubavu wake laini umechorwa mikondo ya mawe yaliyoviringika. Mara ya mwisho mlima huu kutoa majivu ilikuwa 1910. Kutoka kwenye kilima hicho unaona ardhi ikiteremka wazi, bila ukuta, kupitia msitu hadi maziwa ya Momella, na jicho linaweza kufuata njia yote ambayo ubavu uliopotea ulipita. Nilikaa kwenye jiwe nikala karanga na kuutazama mpaka afande akakohoa.

Kuna kampuni za utalii zinazouuza Meru kuwa mazoezi ya Kilimanjaro, siku chache za kuzoea hewa kabla ya mlima wenyewe. Sikubaliani nazo. Kileleni Kilimanjaro ni juu zaidi, sawa, mita 5,895. Lakini ukingo wa namna hii, wenye shimo upande mmoja na mteremko upande wa pili kwa masaa, njia za kawaida za Kilimanjaro hazinao. Watu wa kwetu wanaoweka akiba miaka kadhaa wapande ule mkubwa, waanze na huu wala wasiuite mazoezi.

Pale kwenye mwamba wa Rhino Point, mchana, niliona nilipopita usiku. Nisingependa kuandika zaidi. Mbuzi mawe wawili walikuwa wamesimama kwenye ncha ya jiwe chini ya njia, kwato zimekusanyika mahali pamoja, wanatushangaa.

Saddle saa nne asubuhi: uji, kulala dakika ishirini, kufunga mzigo. Wengi hulala tena Miriakamba, na mwenye siku ya nne afanye hivyo. Mimi kazi ilikuwa inaningoja, kwa hiyo tulishuka moja kwa moja. Kutoka kileleni hadi Momella ni mita 3,000 na ushee za kushuka kwa siku moja, na magoti yanazihesabu zote. Zile ngazi za magogo nilizishuka kwa ubavu. Chini ya Miriakamba tulichukua njia fupi, nyasi na vichaka, jua kali sasa, twiga wamesimama kati ya miti ya miiba. Nyati wa juzi, au ndugu zao, walikuwa palepale.

Getini saa kumi alasiri. Afande alisaini kitabu, akanikumbusha kurudisha glovu. Nilimpa mgumu malipo yake na bahashishi, akahesabu mbele yangu, akashukuru. Alikuwa anaosha viatu bombani kwa sababu kesho yake alfajiri ana kundi lingine, watu sita, palepale juu. Nikamuuliza anapumzika lini.

"Mwezi wa kumi na moja, dada. Mvua zikianza."

Gari la Ngare Nanyuki likapiga honi, limejaa. Konda akaniambia kuna nafasi ya kusimama, na begi lile nalo lina nauli yake.